Ni Nani Anayepunguza Akili za Watoto?

Wasikilizaji, katika kila baraza wanapokutana wazee, na katika magazeti ya nchi nyingi vilevile, husikika lawama moja: kwamba watoto wa siku hizi hawana akili kama za wazazi wao. Hawawezi kujumlisha hesabu bila mashine, hawakumbuki majina ya mababu zao, na kitabu cha kurasa mia huwachosha kabla hawajafika ukurasa wa kumi. Lawama hii si ngeni. Kila kizazi kimekirushia kizazi kilichofuata. Lakini katika miaka ya karibuni imepata nguvu mpya, kwa kuwa wataalamu wa nchi kadhaa za Ulaya wametoa tarakimu zinazoonyesha kwamba alama za vijana wao katika mitihani ya akili zinashuka kweli. Yafaa basi kuuliza ni kitu gani kinachoshuka, kinashuka wapi, na kwa sababu gani.

Kwanza ieleweke kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mambo yalikwenda kinyume cha lawama za wazee. James Flynn, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Otago huko New Zealand, alikusanya matokeo ya mitihani ya akili kutoka nchi 14, na mwaka 1987 akaonyesha kwamba katika nchi hizo vijana walikuwa wakiwapita wazazi wao kwa alama nyingi. Hata hapa jirani, katika wilaya ya Embu nchini Kenya, watoto wa vijijini waliopimwa mwaka 1998 waliwapita kwa mbali watoto wa rika hilohilo waliopimwa mwaka 1984. Sababu zilizofikiriwa na watafiti hazikuwa za ajabu: wazazi wengi zaidi walikuwa wamejua kusoma, familia zilikuwa zimepungua ukubwa, na watoto walikula vizuri zaidi. Mtihani wa namna hii haupimi busara, wala haupimi ujuzi wa mvuvi anayesoma upepo. Lakini unapima kitu, na kitu hicho kilikuwa kikipanda.

Kisha ikaja habari ya Norway. Nchi hiyo huwapima akili vijana wake wanapoitwa jeshini, na kwa hiyo ina kumbukumbu za miaka mingi. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Oslo, Bernt Bratsberg na Ole Rogeberg, walichapisha uchunguzi wao juu ya wanaume waliozaliwa kati ya mwaka 1962 na 1991. Alama zilipanda hadi kwa wale waliozaliwa katikati ya miaka ya 1970, kisha zikaanza kushuka. Walikuwapo waliokimbilia kusema kwamba ni damu iliyoharibika, kwamba wajinga wanazaa mno, au kwamba wageni wameingia kwa wingi. Watafiti hao wakawalinganisha ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, wakakuta kwamba kupanda na kushuka kulekule kunaonekana ndani ya nyumba moja, baina ya kaka na mdogo wake. Hoja ya damu ikaanguka papo hapo. Kilichobadilika ni mazingira wanamokulia watoto.

Ni mazingira gani hayo? Wengine huzitaja shule, wengine televisheni, na siku hizi karibu wote huitaja simu ya mkononi. Huenda kila mmoja wao ana sehemu ya ukweli, lakini simu haiwezi kueleza anguko lililoanza kwa watu waliokuwa wamekwisha kuwa vijana kabla simu hizo hazijaenea. Tena, kuilaumu simu ni jambo rahisi, kwa sababu ni kumlaumu mtoto mwenyewe anayeishika. Viko vitu vingine ambavyo mtoto hakuvichagua, na madhara yake yamekwisha kupimwa bila shaka yoyote.

Ubongo ni kiungo cha mwili kama ini na moyo. Unajengwa kwa chakula, na unaweza kuharibiwa kwa sumu. Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, kati ya Congo na Rwanda, kimeufundisha ulimwengu mengi juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1960 madaktari walikuta kaskazini mwa kisiwa watu wengi wenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, na miongoni mwao watu waliozaliwa na akili nzito na maumbile mafupi. Madini ya iodini yalikosekana katika udongo wa kisiwa. Lakini yalikosekana hata kusini magharibi, ambako rovu lilikuwa nadra. Tofauti hiyo ilihusishwa na muhogo, kwani muhogo usiotayarishwa vizuri huacha mwilini kemikali inayoizuia tezi kuitumia ile iodini kidogo iliyopo. Punje ndogo za iodini katika chumvi ya mezani zinatosha kumkinga mtoto aliye tumboni. Nchi zenye chumvi hiyo zimeupata msaada mkubwa wa akili kwa gharama ndogo mno, na ni wachache wanaoufikiria wanapotia chumvi mchuzini.

Ikiwa iodini ni kitu kinachokosekana, risasi ni kitu kinachozidi. Hapa haizungumzwi risasi ya bunduki, bali yale madini mazito ya kijivu ambayo kwayo hutengenezwa betri za magari na chubwi za nyavu. Mwili wa mtoto hauwezi kuyatofautisha na kalsiamu, ile inayojenga mifupa. Huyapokea, huyahifadhi mifupani, na kuyaacha yaingie ubongoni wakati ubongo ungali unajengwa. Mtoto mdogo hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi anayoimeza kuliko mtu mzima, naye ndiye atambaaye chini na kutia vidole kinywani. Mama mwenye risasi mifupani humpitishia mwanawe kabla hajazaliwa. Wataalamu wa afya hawajui kiwango chochote cha risasi ambacho ni salama kwa mtoto.

Mwaka 1921 mhandisi Mmarekani, Thomas Midgley, aligundua kwamba petroli ikitiwa risasi, injini huacha kugonga. Mafuta hayo yakaanza kuuzwa mwaka 1923, kwa jina ambalo kwa makusudi halikutaja risasi. Mwaka uliofuata, katika kiwanda kimoja cha New Jersey, wafanyakazi watano waliokuwa wakitengeneza kemikali hiyo walikufa, na wenzao wengi wakapatwa na wazimu. Habari zilijulikana; magazeti yaliandika. Hata hivyo biashara iliendelea, na kwa nusu karne na zaidi magari ya ulimwengu mzima yaliimwaga sumu hiyo barabarani, milangoni mwa nyumba na viwanjani mwa shule. Mwaka 1979 daktari Herbert Needleman alichapisha uchunguzi wa meno ya utotoni yaliyong'oka ya watoto wa shule karibu na Boston. Wale ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi walipata alama za chini, ingawa hapana hata mmoja aliyeonekana mgonjwa. Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba risasi ya petroli iliwapunguzia Wamarekani waliokuwa hai mwaka 2015 jumla ya alama za akili milioni 824.

Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Hiyo ni kazi kubwa iliyofanywa kimya kimya. Lakini risasi haikuondoka, ilibadilisha njia. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilikadiria kwamba mtoto mmoja katika kila watatu duniani ana risasi nyingi damuni, na wengi wao wamo katika nchi maskini. Huko Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi uliochimbwa kwa takriban miaka tisini ulifungwa mwaka 1994, lakini taka zake zikabaki karibu na makazi ya watu. Na betri zinazidi kuwa nyingi, za magari, za pikipiki na za umeme wa jua. Zikichakaa hununuliwa na wafanyabiashara wa vyuma chakavu, huvunjwa kwa shoka nyuma ya nyumba, asidi ikamwagwa ardhini na risasi ikayeyushwa juu ya moto wa mkaa.

Katika kijiji cha Owino Uhuru, mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi bega kwa bega na nyumba za watu kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Wananchi walidai haki yao mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Shauri likaingia katika rufaa za miaka, hadi Mahakama ya Juu ilipoirudisha hukumu hiyo mwishoni mwa mwaka 2024. Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu kiwanda kilipofunguliwa alikuwa amefikia umri wa miaka ishirini.

Ipo dawa inayoitoa risasi katika damu. Ilijaribiwa huko Marekani kwa watoto 780 wa umri wa kati ya mwaka mmoja na mitatu, na matokeo yakatangazwa mwaka 2001. Risasi katika damu ilipungua kama ilivyotarajiwa. Walipopimwa akili miaka mitatu baada ya kuanza matibabu, watoto waliopewa dawa hawakuwapita wale ambao hawakupewa.