Kambi ya wakimbizi ikifungwa, ardhi inabaki ya nani?



Ukisoma habari za miji ya wenzetu utakuta wanaongelea sana maeneo ya viwanda vya zamani kando ya mito. Pale London, kwa mfano, bandari za mto Thames zilikufa moja baada ya nyingine, za mwisho zikafungwa mwaka 1981. Serikali yao ikaunda chombo maalum cha kuyafufua yale maeneo, na leo pamejaa maghorofa ya mabenki. Wenyeji wa zamani, waliokuwa makuli na familia zao, wengi walilalamika kwamba mji mpya haukujengwa kwa ajili yao.

Sasa mtu atauliza, Kasulu na viwanda wapi na wapi? Kweli, sisi hatukuwa na viwanda vya kufa. Sisi tulikuwa na kambi. Kambi nayo ni mji. Ina barabara, visima, shule, zahanati, soko, makaburi na maelfu ya vyoo. Siku wakazi wakiondoka, unabaki na eneo kubwa lililochoka na swali lile lile la London: nani analichukua, na kwa faida ya nani?

Nimeona vijana wengi hawaijui vizuri hii historia, ingawa wengine wamelala juu yake. Nitaeleza.

KAMBI ILIYOGEUKA JKT

Kama ulimaliza form six ukapangiwa Mtabila au Kanembwa kwenda kula kwata kwa mujibu wa sheria, jua kwamba ulikuwa unakimbia mchakamchaka juu ya kambi ya wakimbizi.

Mtabila, wilaya ya Kasulu, ilikuwa ya Warundi. Mwaka 2012 serikali iliwaondolea wengi wao hadhi ya ukimbizi baada ya kuwahoji mmoja mmoja. Elfu mbili na ushee walionekana bado wanahitaji ulinzi wakahamishiwa Nyarugusu. Waliobaki, zaidi ya elfu thelathini, walirudishwa Burundi kwa mabasi na malori miezi ya mwisho ya mwaka ule, na Desemba 2012 kambi ikafungwa. Mwaka uliofuata, 2013, serikali ikarudisha JKT ya lazima kwa wahitimu wa form six, iliyokuwa imesimama tangu 1994. JKT ilihitaji nafasi, na Mtabila nafasi ipo, barabara ipo na maji yapo. Leo ni kikosi namba 825.

Kanembwa nayo ni hivyo hivyo, kikosi namba 824. Zamani tulisema iko Kibondo, lakini tangu wilaya zigawanywe 2012 iko Kakonko.

KAMBI ILIYOGEUKA SHULE

Lugufu, upande wa Uvinza, ilikuwa ya Wakongo. Ilifungwa 2009 na waliokuwa wamebaki wakapelekwa Nyarugusu. Leo ukitaja Lugufu kwa mwanafunzi wa Kigoma, atafikiria shule za sekondari, ya wavulana na ya wasichana. Kwa maoni yangu huu ni mfano mzuri, maana mtoto wa mkulima anaona faida yake moja kwa moja.

KAMBI ILIYOFUFUKA

Hapa ndipo wapangaji wetu wanapopata kichwa kuuma. Nduta ya Kibondo ilikuwa imeshafungwa, watu wamesahau. Ikaja vurugu ya kisiasa Burundi 2015, Nyarugusu ikafurika, na Oktoba mwaka huo huo Nduta ikafunguliwa tena. Januari 2016 ikafuata Mtendeli. Nduta peke yake ilikuja kuzidi watu laki moja, kuliko miji mingi ya mkoa wetu. Halafu Mtendeli ikafungwa tena 2021, na waliobaki wakahamishiwa Nduta.

Umeona shida? Mkulima aliyepanda mihogo au miti kwenye kambi iliyofungwa hana uhakika kama kesho haitafunguliwa. Na mtu asiye na uhakika hapandi mti wa miaka 10. Anachoma, analima, anavuna, anaondoka. Ardhi inazidi kuchoka.

MAKAZI YALIYOGEUKA MJI

Kuna njia ya nne. Warundi waliokuja 1972 hawakuwekwa kwenye kambi za mahema. Walipewa makazi na mashamba kule Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walilima, wakauza, wakajilisha. Miaka zaidi ya 40 baadaye, 2014, zaidi ya watu 160,000 wakathibitishiwa uraia wa Tanzania, na makazi yao hayakuhitaji kuvunjwa. Sisemi kila kambi ifanywe hivyo, hilo ni suala la siasa na usalama. Ninachosema ni kwamba wale walioruhusiwa kulima waliacha mji, wakati waliokaa kwenye uzio kwa mgao wa chakula waliacha mashimo.

KILICHO CHINI YA UDONGO

Ndiyo, mashimo. Watu wengi wanadhani kambi ikifungwa unaleta trekta unaanza kulima. Ngoja kwanza.

Kambi ya watu 30,000, ukikadiria choo kimoja kwa kaya ya watu 5, ni mashimo 6,000. Yakijaa yanafukiwa, yanachimbwa mengine pembeni. Kambi ikikaa miaka 15, piga hesabu mwenyewe. Shimo lililofukiwa vibaya linatitia mvua ikinyesha. Trekta inaweza kuzama, ng'ombe anaweza kuzama, na msingi wa nyumba unapasuka.

Pili ni maji. Kanuni inayotumika kwenye kambi ni choo kukaa angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji ya ardhini, na sakafu ya shimo kuwa angalau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji hayo. Ukichimba kisima kipya bila kujua vyoo vya zamani vilikuwa wapi, unabahatisha na tumbo lako.

Tatu ni zile pembe za zahanati. Takataka za hospitali, sindano na chupa, huwa zina shimo lake. Mtoto akichunga mbuzi pale bila viatu hajui anakanyaga nini.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kudai kambi ikifungwa ni RAMANI. Mashirika yaliyojenga ndiyo yanayojua vyoo, visima na makaburi viko wapi. Wakishapakia magari wakaondoka, mtaitafuta hiyo ramani mpaka mchoke.

MTO NAO

Maji yetu mengi ya Kasulu na Kibondo yanaishia kwenye bonde la Malagarasi na Muyovosi, ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuandikishwa kwenye mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Ni eneo la kilomita za mraba zaidi ya 32,000. Kambi zilikata miti ya kuni kwa miaka mingi, na miti ikiisha udongo unashuka mtoni.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hizo mita 60 ndizo mahali pa kuanza kurudisha miti. Dar es Salaam walijenga mpaka ndani ya bonde la Msimbazi, na sasa ni mradi wa mabilioni kuwaondoa watu na kurudisha mto nafasi yake. Sisi bado tuna nafasi ya kutofanya kosa hilo.

NANI ANAAMUA?

Tanzania ardhi iko ya aina tatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Swali la kwanza ni kujua kambi ilikaa kwenye ipi. Kama ilikuwa msitu wa hifadhi, wenyewe wapo. Kama ilikuwa ardhi ya kijiji, kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mtu akitaka kuihamisha iwe ya jumla, eneo lisilozidi hekta 250 (kama ekari 600 na kitu) uamuzi wa kukubali au kukataa ni wa mkutano mkuu wa kijiji. Likizidi hapo, uamuzi unakwenda kwa Waziri, baada ya kupata mapendekezo ya mkutano huo huo.

Na mkutano mkuu ni nani? Ni kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea. Ni wewe. Unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Lakini nenda siku ya mkutano uone: wazee kumi na tano chini ya mwembe, vijana wako senta kwenye pool table au hapa kwenye kompyuta. Halafu mwaka ukipita tunalalamika kwamba eneo limekwenda kwa watu tusiowajua.

Simlaumu mtu, hata mimi mikutano mingi nimeikosa. Ila safari hii nenda na maswali manne kwenye karatasi. Ardhi ya kambi ni ya aina gani? Ramani ya vyoo, visima na makaburi iko wapi? Majengo na pampu vimekabidhiwa kwa nani, na kuna maandishi? Na zile mita 60 za mto zimewekewa alama?

Jibu likiwa "tutafuatilia", omba liandikwe kwenye muhtasari. Mkutano ujao, baada ya miezi mitatu, unaanzia hapo hapo.

Maoni yenu tafadhali, hasa mliokulia jirani na kambi. Kwenu paligeuka nini?