Umri, miguu na pumzi: kwa nini wazee huhema wanapoanza kutembea

Katika miji iliyo pembezoni mwa Dallas, jimboni Texas, ukiwemo mji wa Lewisville, zimo familia zenye asili ya Afrika Mashariki na Kati zinazoishi na wazazi waliohamia Marekani wakiwa tayari na umri mkubwa. Walikotoka, wazee hao walizoea kwenda shambani, sokoni na kwenye nyumba za ibada kwa miguu. Texas mambo ni tofauti. Maduka yako mbali, safari ni za gari, na wakati wa kiangazi joto mara nyingi hupita nyuzi 38 za Selsiasi. Si ajabu mzee akashinda kitini tangu asubuhi hadi jioni. Baada ya miezi kadhaa, akiinuka na kupiga hatua chache, anahema, na jamaa zake husema kwamba huo ni uzee tu.

Lakini je, kweli ni uzee? Sehemu muhimu ya jibu la swali hilo ilipatikana mjini Dallas kwenyewe, kiasi cha kilomita 40 tu kutoka Lewisville. Ili kulielewa jibu hilo, yafaa kwanza kufahamu jinsi miguu inavyozungumza na mapafu.

Mtu anapoanza kutembea, pumzi yake huongezeka papo hapo, kabla damu iliyobeba hewa chafu ya kaboni haijapata muda wa kutoka miguuni na kufika kwenye mapafu. Jambo hilo lilielezwa mwaka 1913 na wanasayansi wawili wa Denmark, August Krogh na Johannes Lindhard. Walieleza kwamba ubongo, unapoiamuru misuli ifanye kazi, wakati huo huo huamsha pia kituo cha upumuaji kilichoko kwenye shina la ubongo.

Amri hiyo ya ubongo si ishara pekee. Mtu akilala kimya, na mwenzake akaikunja na kuikunjua miguu yake, pumzi huongezeka pia, ingawa ubongo haukutoa amri yoyote. Maana yake ni kwamba misuli na viungo vya miguu navyo hupeleka habari juu kupitia mishipa ya fahamu na uti wa mgongo. Mwaka 1972, D. I. McCloskey na Jere Mitchell walichapisha ushahidi kwamba ishara zinazotoka kwenye misuli inayofanya kazi huchochea upumuaji pamoja na mzunguko wa damu. Ishara ya tatu, ile ya kemikali zilizomo ndani ya damu, huchelewa kidogo, kisha huendelea kurekebisha pumzi kulingana na kazi inayofanyika.

Umri unapoongezeka, mawasiliano hayo hubadilika. Mwaka 2000, watafiti wa Japani waliripoti katika jarida la Journal of Applied Physiology kwamba mwitikio wa mwanzo wa upumuaji na wa mzunguko wa damu, mtu anapoanza kuitumia miguu, huwa wa polepole zaidi kwa wazee kuliko kwa vijana. Kwa maneno mengine, miguu huondoka mapema, na pumzi hufuata nyuma.

Aidha, mapafu yenyewe hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kunywea, na kuta za kifua huwa ngumu. Kwa hiyo mzee hulazimika kutumia nguvu zaidi ili kuvuta kiasi kile kile cha hewa. Mabadiliko haya ni ya kawaida, nayo huanza polepole tangu utu uzima.

Hata hivyo, uzee si maelezo yote. Mwaka 1966, wataalamu wa chuo cha udaktari cha Southwestern mjini Dallas, akiwemo Jere Mitchell, pamoja na mtafiti wa Sweden Bengt Saltin, waliwachunguza vijana 5 wenye afya njema, wa umri wa miaka 20. Vijana hao walilazwa kitandani kwa wiki 3 bila kusimama. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni katika mazoezi makali ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo.

Miaka 30 baadaye, wanaume wale wale 5, sasa wakiwa na miaka 50, walipimwa tena. Walikuwa wamenenepa, na uwezo wao ulikuwa umepungua ukilinganishwa na ule wa ujana. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa katika hali mbaya kuliko ile aliyokuwa nayo baada ya zile wiki 3 za kitandani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba baada ya miezi 6 ya kutembea, kukimbia polepole na kuendesha baiskeli, kwa kiasi kilichoongezwa hatua kwa hatua, kwa wastani uwezo wao ulirejea kwenye kiwango cha mwanzo cha mwaka 1966.

Watu 5 ni wachache, na mtu wa miaka 50 si sawa na wa miaka 80. Hata hivyo, fundisho liko wazi: kukaa bila kujongea kunaweza kuunyang'anya mwili katika wiki chache kile ambacho umri huchukua kwa miongo mingi. Saltin aliendelea na uchunguzi wake nchini Kenya katika miaka ya 1990. Huko aliona kwamba wavulana wa Bonde la Ufa waliokuwa na shughuli nyingi za mwili kila siku walikuwa na uwezo mkubwa wa kutumia oksijeni kuliko wenzao wasiojishughulisha sana, hata kama hawakuwa wanariadha.

Kwa mzee anayeishi ugenini, ushauri unaotokana na elimu hii ni mwepesi. Kabla ya kuinuka, ainyooshe na kuikunja miguu mara kadhaa akiwa amekaa. Aanze kutembea taratibu katika dakika za mwanzo, ili pumzi ipate nafasi ya kuifikia miguu. Siku za joto kali anaweza kutembea alfajiri, au ndani ya maduka makubwa yenye viyoyozi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hata kwa waliopita miaka 65, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake.

Lakini kuna kuhema ambako kamwe hakupaswi kuitwa uzee. Mzee anayekosa pumzi ghafla, anayeumwa kifua, anayeamka usiku akitafuta hewa, au ambaye miguu yake imevimba, huenda ana ugonjwa wa moyo au wa mapafu. Huyo asiambiwe afanye mazoezi wala apumzike tu. Apelekwe kwa daktari, na ikiwa hali hiyo imemjia ghafla, familia iliyoko Marekani ipige simu ya dharura nambari 911 bila kuchelewa.