Kamera kubwa ya filimu: anza na kazi, bei ifuate nyuma

Wandugu kadhaa wananiuliza: « Mukubwa, na mimi nataka ile kamera ya kufunika kichwa na kitambaa cheusi. Nichukue gani? » Kwa kuwa wengine wako tayari kuweka likelemba yao yote humo, najibu hapa kwa wote: usianze na jina ya kamera. Anza na kitu unataka kupiga, na njia utaibebea.

Kwanza ukubwa. Filimu yake haizunguke. Ni kipande kimoja kwa foto moja. Ile ya inchi 4 kwa 5, ni kusema sentimita 10 kwa 12,5 hivi, inapita filimu ya kawaida ya milimita 35 karibu mara 15. Ile ya 8 kwa 10 ni mara 4 tena, lakini kila kitu yake inakuwa kubwa: objektifu, tripie, bei ya filimu. Kama unapanda vilima kwa miguu ao unabebwa na moto, chukua 4 kwa 5. Na chukua ya kukunja kama sanduku. Zile za kukaa juu ya reli zinageuka kila upande, lakini mahali pake ni studio.

Sasa miendo ya kamera. Hapa njo siye ba-agronome tunapata faida. Piga foto ya mistari ya maharagwe tangu miguu yako mpaka chini ya kilima: kwa kamera ya kawaida, karibu ao mbali, pamoja patakuwa ukungu. Kwa hii, unainamisha objektifu kidogo mbele, na ile sehemu ya kuonekana safi inalala juu ya shamba lote. Ni kanuni inayobeba jina ya Theodor Scheimpflug, mutu wa Austria, aliyepata hati yake 1904. Lakini katika migomba mirefu inasaidia kidogo, juu vichwa vya migomba vinatoka inje ya ile sehemu. Basi hakikisha kwamba mbele ya kamera inainama na kupanda. Kamera nyingi za zamani za waandishi wa habari, kama Crown Graphic, ni za nguvu na bei nafuu, lakini miendo yake ni kidogo.

Unataka jani lenye ugonjwa kwa ukubwa wake wa kweli? Angalia sufle, ile sehemu ya kukunjana katikati. Objektifu ya milimita 150 itaomba sufle ifunguke mpaka 300. Mwangaza unabaki robo, kwa hiyo unaacha filimu ipate mwangaza mara 4 zaidi.

Uzito nao. Intrepid ya Uingereza, ya mbao, iko na kilo 1 na kidogo. Linhof Technika ya chuma inapita kilo 2. Ongeza objektifu, tripie na visanduku vya filimu, kila kimoja vipande 2 tu.

Filimu njo chakula ya kamera. Richard Mosse, mupiga foto wa Ireland, alipiga vilima vya Kivu kwa Kodak Aerochrome, filimu inayogeuza majani mazima kuwa ya rangi ya waridi, juu majani yanarudisha sana ule mwangaza macho yetu hayaone. Kodak iliacha kuitengeneza karibu 2009. Ya leo ya uhakika ni nyeusi na nyeupe, kama Ilford HP5 ya 4 kwa 5. Unaweza kuisafisha wewe mwenyewe nyumbani.

Kama unanunua ya mukono wa pili, ingia katika chumba cha giza, weka tochi ndani ya sufle: ukiona nyota, inatoboka. Angalia kama objektifu haina kuvu, kwa hewa yetu ya unyevu ni adui. Piga sekunde 1 ukihesabu. Ikikwama, omba wapunguze bei.

Na kama unataka paka foto za rapport ya mwisho wa mradi, ao harusi, ao watoto wanaokimbia, simu yako inatosha kabisa. Andika kwanza foto 10 unazotaka kupiga mwaka huu. Kama kati yake 7 hazikimbie na zinaomba undani, hapo nenda ukaulize bei.