Fahamu: ChIP, mbinu ya kuinasa protini ikiwa imeshika DNA

ChIP ni nini?

Ni mbinu ya maabara inayoonyesha protini fulani imeshika sehemu gani ya DNA ndani ya seli hai. Baadhi ya protini hizo ndizo huwasha au kuzima jeni.

Inafanyaje kazi?

Seli hutiwa fomaldehaidi, kemikali inayotumika pia kuhifadhia maiti, kwa kawaida dakika 10 hivi. Protini na DNA hugandana palepale zilipo. DNA hukatwakatwa kwa mawimbi ya sauti, kisha kingamwili maalumu huivua protini inayotafutwa pamoja na kipande ilichokishika. Joto huviachanisha, kipande kikasomwa. Kingamwili ikiwa mbovu, huvua protini isiyohusika, na matokeo hayafai hata grafu ikipendeza.

Ilitoka wapi?

David Gilmour na John Lis wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waligandisha protini na DNA kwa mwanga wa urujuanimno, badala ya fomaldehaidi, mwaka 1984. Mwaka 2007 ikaja ChIP-seq, inayopekua jenomu nzima.

Ina umuhimu gani?

Saratani nyingi za matiti huchochewa na kipokezi cha estrojeni. ChIP imeonyesha mahali kinaposhika DNA. Ila ChIP kwa kawaida hudai mamilioni ya seli. CUT&RUN, mbinu nyingine iliyotangazwa 2017, hutosheka na seli chache zaidi, bila kulazimu fomaldehaidi.