Sanduku la Umeme: Kimya Chake na Hatari Zake

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi ya Kenya ilikosa umeme, na kwingineko giza likaendelea hadi siku iliyofuata. Si ajabu, basi, kwamba baadhi ya watu wamegeukia sanduku la umeme: chombo cha kubebeka chenye betri ya lithiamu, kinachochajiwa kwa umeme wa ukutani au wa jua, kisha kikatoa umeme wa volti zile zile 240 za nyumbani.

Ubora wake kuliko jenereta ya petroli ni dhahiri. Jenereta hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kumuua mtu usingizini. Sanduku halina moshi wala kelele. Hata hivyo, kimya hicho ndicho kinachomhadaa mtumiaji. Aghalabu hulisukuma chini ya kitanda au kulifunika nguo, matundu yake ya hewa yakazibwa na joto likakosa pa kutokea. Betri ya lithiamu ikipata joto kupita kiasi yaweza kulipuka moto mkali wenye gesi za sumu. Yafaa sanduku liwekwe sakafuni pakavu, mbali na jiko na godoro, wala lisichajiwe watu wakiwa wamelala. Likivimba au kutoa harufu ngeni, lisitumiwe tena.

Kuna pia suala la hesabu. Sanduku linaloweza kutoa wati 500 haliwezi kulihimili birika la umeme la wati 2,000, hata betri ikiwa imejaa pomoni. Taa ya wati 10, kwa upande mwingine, litaiwasha usiku kucha.

Lakini kosa zito kuliko yote ni lile la kuunda waya wenye plagi katika ncha zote mbili, ili umeme wa sanduku uingizwe nyumbani kupitia soketi ya ukutani. Ncha moja ikichomolewa, vyuma vyake huwa vina umeme, na anayevigusa aweza kuwa mtoto. Isitoshe, umeme huo waweza kurudi hadi kwenye nyaya za mtaani, anakofanyia kazi fundi aliyeamini kwamba zimezimwa. Anayetaka kuiwashia nyumba nzima huhitaji swichi ya kutenganisha nyaya za nyumba na zile za nje, nayo hufungwa na fundi mwenye leseni.