Mbwa na Ugonjwa wa Damu Isiyoganda

Leo nitakuzungumzia mbwa. Usibadilishe stesheni! Sisemi juu ya kichaa cha mbwa wala minyoo. Nasema juu ya mbwa ambao wamewasaidia madaktari kuuelewa ugonjwa unaowapata watoto wetu, hasa wavulana.

Mvulana anatahiriwa asubuhi, na jioni damu bado inatoka. Bandeji inabadilishwa, na damu inaendelea. Au ni mtoto anayetambaa tu, lakini magoti yanafura, ni moto, na anapiga mayowe ukimgusa. Majirani wanaanza kunong'ona: kuna mkono wa mtu hapa, au mama huyu ametoka na laana kwao.

Msikilizaji, huo ni ugonjwa, na jina lake ni hemofilia. Damu yetu ina protini zinazoifanya igande tunapoumia, na madaktari wamezipa nambari. Anayepungukiwa na nambari 8 ana hemofilia A, ambayo humpata mvulana 1 kati ya 5,000 hivi wanaozaliwa. Anayepungukiwa na nambari 9 ana hemofilia B, ambayo ni nadra zaidi.

Sasa mbwa wanaingia wapi? Mbwa naye huzaliwa na ugonjwa huu huu, kwa kasoro ya jeni ile ile. Anavuja damu ndani ya viungo na kuchechemea kama mtoto wetu. Panya wa maabara hutumika pia katika utafiti, lakini panya huishi miaka miwili au mitatu tu, na ni mdogo mno. Mbwa ana uzito unaokaribia ule wa mtoto, na huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Dawa ikimfaa, unaweza kumwangalia mwaka hadi mwaka uone kama itaendelea kumfaa, au itamletea madhara.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika Chuo Kikuu cha North Carolina huko Marekani, daktari aitwaye Kenneth Brinkhous na wenzake walianza kufuga mbwa wenye hemofilia. Kazi haikuwa rahisi, kwa maana madume wagonjwa walikuwa wakifa kabla ya kukomaa. Waliwaongezea plazima, yaani yale maji ya damu, kutoka kwa mbwa wazima, na wakaishi hadi wakaweza kuzaa. Kisha wakampandisha dume mgonjwa kwa jike aliyebeba kasoro ile bila kuugua. Wakati huo wengi waliamini kwamba jike hawezi kupata hemofilia. Lakini katika uzao ule walipatikana majike waliovuja damu sawa na madume. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1950.

Kwa nini hilo linatuhusu sisi? Kwa sababu lilionyesha wazi jinsi kasoro hii inavyopita katika ukoo. Jeni hiyo imo katika kromosomu ya X. Mwanamke ana X mbili, kwa hiyo moja ikiwa na kasoro, ile nyingine kwa kawaida humkinga. Mvulana ana X moja tu, aliyopewa na mama. Mama aliyebeba kasoro ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumpa kila mtoto wa kiume. Na baba mwenye hemofilia? Huyo hawapi wanawe wa kiume, ila mabinti zake wote huibeba. Tena, karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana jamaa yeyote aliyewahi kuugua. Kasoro imezuka upya. Basi mama asilaumiwe. Hakuna aliyejichagulia jeni.

Mbwa hao hawakuishia hapo. Mwaka 1999 watafiti walitangaza kwamba walichukua kirusi kisichodhuru, wakakipakia jeni nzima ya nambari 9, na kuwapa mbwa wenye hemofilia B. Miili yao ikaanza kujitengenezea protini ile, ingawa kidogo. Mwaka 2011 ikaripotiwa kwamba wanaume 6 wametibiwa kwa njia ya namna hiyo na kupata nafuu. Novemba 2022, Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya jeni kwa hemofilia B. Bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 3.5 kwa mgonjwa mmoja. Umesikia vizuri, milioni! Kwetu hiyo bado ni ndoto.

Mbwa wametufunza tahadhari pia. Mwaka 2021 iliripotiwa habari ya mbwa 9 wa hemofilia A waliofuatiliwa hadi miaka 10 baada ya kupewa jeni. Saratani haikuonekana. Hata hivyo, katika maini ya baadhi yao kulikuwa na chembe zilizopokea jeni na kuongezeka kuliko nyingine, ndiyo maana watu waliotibiwa hivyo wanatakiwa kuchunguzwa kwa miaka mingi. Kwetu mbwa hulinda boma na kula makombo, lakini nadhani hawa wanastahili shukrani kidogo.

Na wewe mzazi? Ikiwa katika ukoo wa mama kuna mjomba au kaka aliyevuja damu kupita kiasi, mweleze daktari kabla mtoto hajatahiriwa, hajang'olewa jino wala kufanyiwa upasuaji. Mtoto apimwe kwanza. Asipewe aspirini, na kila anayetaka kumdunga sindano ya msuli aambiwe mapema. Kiungo kikifura, kipumzishwe, kiwekewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa, na mtoto apelekwe hospitali bila kungoja kesho. Akigonga kichwa, kimbia naye hata kama anacheka. Protini ya kuongezewa hupatikana katika hospitali kubwa, kama vile Kenyatta ya Nairobi na ile ya rufaa ya Moi kule Eldoret, ingawa sehemu kubwa hutokana na misaada, na wakati mwingine huadimika. Kwa hiyo mwandikishe mtoto huko mapema, angali mzima.