Kihisi na Lenzi: Kinachoipa Kamera Ndogo Thamani Yake

Miongoni mwa kamera za kidijitali zinazotosha mfukoni lipo kundi dogo ambalo bei yake hukaribia ile ya kamera kubwa za kubadilishia lenzi, na ambalo halikufagiliwa na simu janja kama zilivyofagiliwa kamera ndogo za bei nafuu. Sababu haimo katika idadi ya megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, ingawa aghalabu tarakimu hiyo ndiyo hutangulizwa katika matangazo. Imo katika ukubwa wa kihisi na upana wa lenzi, mambo mawili yanayoamua kiasi cha mwanga kinachokusanywa kabla picha haijahifadhiwa.

Kihisi ni kipande cha silikoni kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara za umeme, hivyo kimeshika nafasi iliyokuwa ya filamu. Katika kamera ndogo za kawaida kipande hicho kilikuwa na upana wa milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6 hivi, ilhali Sony, ilipotoa RX100 mwaka 2012, ilitia kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, ambacho eneo lake ni takriban mara nne ya kile cha kawaida, ndani ya umbo la alumini lenye uzito wa gramu 240 pamoja na betri. Kihisi hicho hutajwa kuwa cha inchi moja, kwa desturi iliyorithiwa kutoka mirija ya kamera za video za zamani, na mnunuzi asiichukue inchi hiyo kuwa kipimo halisi. Eneo linapoongezeka, picha hujengwa kwa mwanga mwingi zaidi, na chenga zinazochafua picha zilizopigwa gizani hupungua.

Upana wa lenzi hutajwa kwa namba ya f, ambayo hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi, yaani kipimo kinachoamua lenzi ione eneo pana au ivute kitu cha mbali, kwa kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga. Ndiyo maana namba ikiwa ndogo tundu huwa pana. Hapa tangazo la biashara lastahili kusomwa hadi mwisho. RX100 ya kwanza ilikuwa na f/1.8 ilipotazama mandhari pana, lakini zumu ilipovutwa hadi ukomo namba ilipanda kufikia f/4.9, na mwanga uliokifikia kihisi ukawa chini ya sehemu moja ya saba ya ule wa mwanzo. Toleo la tatu, la mwaka 2014, lilikomesha zumu kwenye milimita 70 badala ya 100, kwa kipimo cha kamera za filamu ya milimita 35, na kwa kujinyima huko likabaki na f/2.8 hata mwishoni. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa watu wengi hupiga picha za ndugu na marafiki ndani ya nyumba jioni mara nyingi kuliko za ndege walio mbali.

Toleo hilo lilileta pia kitazamio cha kielektroniki kinachochomoza juu ya kamera, tundu ambalo mpigapicha hulisogezea jicho pale jua la mchana linapokifanya kioo cha nyuma kisionekane.

Wako waundaji walioiacha zumu kabisa. Fujifilm X100 ya mwaka 2011 na Ricoh GR ya mwaka 2013 zina lenzi ya urefu mmoja tu, na nafasi iliyookolewa ilitumika kuweka kihisi ambacho eneo lake ni takriban mara tatu ya kile cha RX100. Shata ya X100, yaani pazia linalopima muda wa mwanga kuingia, imo ndani ya lenzi yenyewe, kwa hiyo hufanya kazi karibu bila sauti na huruhusu flashi itumike kwa kasi kubwa, jambo lenye faida mtu anapopigwa picha huku jua likiwa nyuma yake. GR III ya mwaka 2019 iliongeza kihisi kinachosogea kidogo ili kufidia mtikisiko wa mkono, msaada mkubwa kwa vitu vilivyotulia, ingawa hauwezi kumzuia mtoto anayekimbia asitoke na ukungu. Na kwa kuwa lenzi za kamera hizi zote hazibanduki, anayenunua mojawapo huwa amechagua, kwa muda wote wa kuitumia, umbali ambao atalazimika kusimama kutoka kwa wale anaowapiga picha.